Maji Aliyonawa Wayua

Mke wangu Wayua akipita barabarani, watu walifunika vitu.

Mwenye maziwa alifunika maziwa. Mwenye mtoto alivuta leso akamficha uso. Hapa kwetu Kitengela, upande wa ndani, mahali lami inaisha, kila mtu alimjua. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri. Lakini ukitembea nyuma yake ungesikia vifuniko vikirudi juu ya sufuria, kimoja, kingine, mpaka afike kona.

Yeye hakugeuka kuangalia.

Walisema ako na jicho. Nitaeleza, kwa sababu labda anayesoma si wa huku. Kwetu Ukambani ukisifu mtoto wa mtu, au mnyama wake, unatema mate kidogo ili sifa isimdhuru. Wamaasai wanatema pia. Wasomali wanasema mashallah. Sifa tupu inaogopwa. Na kuna watu, inasemwa, sifa yao haizuiliki na mate wala na dua. Wakisema kitu ni kizuri, kitu hicho hakimalizi wiki.

Wayua alilelewa na nyanya yake, mtu wa kanisa sana. Huyo nyanya alikataza mambo ya kutema, alisema ni ushenzi. Kwa hivyo Wayua alikuja kwangu hajui kutema. Alijua kusifu tu. Akiona kitu kizuri, mdomo ulijifungua wenyewe.

Mwanzo tulikaa Mashuuru. Mimi nilikuwa nachimba visima. Boma iliyokuwa karibu ilikuwa ya baba yake Kisemei, na Kisemei mwenyewe alikuwa kijana kama mimi. Asubuhi moja Wayua alienda kununua maziwa. Mtamba mweupe alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Wayua akasema, "Huyu ni mzuri kuliko wote." Wamaasai wakamwangalia mdomo. Walikuwa wanangoja ateme. Yeye akasimama tu, anatabasamu.

Jua halijatua, mtamba alilala chini, akavimba tumbo, akafa.

Wazee walikuja kwangu kwa upole. Walitaka anawe. Hiyo ni dawa inayojulikana: mwenye jicho akinawa uso na mikono, maji yale yakimwagiwa aliyesifiwa, ubaya unaondoka. Walitaka kunyunyizia ng'ombe waliobaki. Wayua akakataa.

"Sina kitu," alisema. "Nikinawa, nimekubali niko nacho. Sitanawa."

Kisha tukapata Kiilu, mtoto wetu wa kwanza. Wayua alikuwa anamwosha kwenye karai, nje, jua limetoka vizuri. Nilimsikia akimwambia, "Kiilu, wewe ni mzuri, unajua?" Surua ilikuwa imeingia Mashuuru wakati huo. Ilichukua watoto wengi. Ilimchukua Kiilu.

Nilimwambia ni surua. 

Tangu hapo sikumsikia akisifu kitu. Si mtu, si mnyama, si mvua. Akiona kitu kizuri aliangalia chini haraka, kama mtu amechomwa na jua. Sijui kama alikuwa anaamini. Sikumuuliza. Kuna mambo mume hamuulizi mke.

Lakini ile sifa ilikuwa lazima itoke mahali. Ilitokea mikononi. Alikuwa anatoa. Binti yetu Kaluki alileta zawadi kutoka shule, ameshinda wote. Mama yake akamwangalia miguu. "Viatu vyako vimeisha," akasema. Akavua vyake, akampa. Akatembea bila viatu mpaka mvua zikaja.

Mimi nilipojenga nyumba hii ya mawe, nilipiga bati ya mwisho nikashuka, nikasimama mbele yake. Nilitaka aseme neno. Aliangalia nyumba, akaangalia chini, akaingia jikoni. Nilipoketi kula, nyama yote ya sufuria ilikuwa kwenye sahani yangu. Kwake kulikuwa na mchuzi.

Ukimjua, ungejua amesema nini.

Majirani nao aliwapa. Mwanamke akijifungua, asubuhi angepata unga umewekwa kwa mlango wake. Mwenye shamba lililopandwa vizuri alipata samadi imemwagwa kando ya ua. Hakubisha hodi. Watu walijua ni nani. Wengine walimpa mbwa aonje kwanza. Mbwa hakufa, basi wakala.

Kisemei alihamia huku pia, aliuza shamba la Mashuuru akabaki na mifugo michache. Wayua akikaribia, alikuwa anaingiza ng'ombe nyuma ya nyumba.

"Supa, Mama Kaluki," alikuwa anamsalimia kwa Kimaasai. "Ng'ombe zangu leo ziko na aibu. Hazitaki kuonekana."

"Hata wewe ungekuwa na aibu, ukiangalia vile umevaa," Wayua alimjibu. Walicheka wote wawili. Lakini ng'ombe hawakutoka mpaka apite.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni Asho. Ni mama wa Kisomali, anauza maziwa ya ngamia sokoni. Mtoto wake Abdishakur ni wa biashara ya mbuzi. Abdishakur alioa msichana kutoka Garissa, Fardosa. Alikuwa mwembamba, hasemi. Walipata mtoto huko Garissa, akafa. Ilisemekana mtoto alikuwa na homa, Fardosa akaificha, anafikiri itapita. Walipohamia hapa wakapata mwingine, Aweys. Siku ya kumpa mtoto jina, Asho alisema mbele ya wanawake wote, nasi tukasikia kupitia ukuta: "Huyu akiugua unifiche tena, utarudi kwa baba yako. Na mtoto atabaki hapa."

Hakuna aliyeona ni maneno mabaya. Asho alikuwa amezika mjukuu.

Basi nikuambie siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi. Upepo ulikuwa umelala tangu asubuhi, jambo ambalo si la kawaida huku. Vumbi ilisimama hewani, haiendi popote. Nilikuwa kwa lango langu narekebisha bawaba. Nikaona Wayua na Fardosa wanatoka kwa mfereji wa maji. Fardosa alikuwa na mtoto mgongoni, anatembea kama mtu amelewa. Wayua alikuwa amembebea mtungi, pamoja na ule wake mwenyewe.

Kwa lango la Asho kulikuwa na wanawake wamekaa. Walipomwona Wayua, walivuta watoto wao.

Wayua aliweka mitungi chini. Akanyoosha mkono kumrekebishia Fardosa leso ya mtoto. Mkono wake ukashika mguu wa mtoto, ukakaa hapo. Nikaona anamwangalia Fardosa usoni. Fardosa akamwangalia, na macho yake yalikuwa kama ya swara aliyekwama kwenye waya.

Wayua akasema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Mtoto huyu amepata mama. Wewe ni mama mzuri."

Sijui kuandika vile palinyamaza. Kuku wangu walikuwa wanachakura nyuma yangu, waliacha. Mtoto aliyekuwa analia kwa nyumba ya mbele aliacha. Wayua mwenyewe alijiwekea mkono mdomoni, kama sauti imetoka kwa mtu mwingine.

"Mama Kaluki!" Asho alisimama. "Sema mashallah! Sema haraka!"

Wayua hakusema. Alichukua mtungi wake, akaja nyumbani.

Kabla ya jua kuingia tulisikia mayowe. Aweys alikuwa anatetemeka mwili wote, macho yamegeuka. Abdishakur alikuwa ameenda kutafuta gari. Asho alikuja kwetu na karai, na watu nyuma yake, wengi, mpaka wengine nisiowajua. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nawa," alisema. Akaweka karai miguuni pa Wayua.

Nilisimama katikati. "Mama Asho, mke wangu si..."

"Baba Kaluki, ondoka hapo," Wayua aliniambia.

Fardosa alikuwa ameshika mtoto, nyuma ya mama mkwe wake. Wayua alimwangalia. Fardosa aliangalia chini. Watu wote walikuwa wanangoja. Huyu mwanamke alikuwa amekataa kunawa tangu ujana wake, na kila mtu alijua amekataa.

Akapiga magoti. Akanawa mikono. Akanawa uso. Akasukutua mdomo, akatema ndani ya karai. Alivua viatu akanawa miguu. Alifanya polepole, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Kisha akainua karai kwa mikono miwili akampa Asho.

"Chukua," alisema. "Ni mimi."

Watu walitoa pumzi. Nikasikia mwanamke mmoja anasema, "Amekubali." Neno hilo likapita lango, likaenda na barabara.

Asho alimwagia mtoto maji mgongoni. Hii niliona kwa macho yangu. Maji yalipomgusa, mtoto aliacha kutetemeka. Hapo hapo. Alivuta pumzi ndefu, akalala. Halafu gari likaja, wakampeleka hospitali, akadungwa sindano, daktari akasema ni mapafu. Alirudi mzima. Huku nje hakuna aliyezungumza habari ya sindano.

Baada ya hapo tuliishi kama watu wawili kwenye kisima.

Kanisani benchi letu lilikuwa letu peke yetu. Unga aliouweka kwa milango ulibaki pale, ukanyeshewa, ukawa mgumu kama jiwe. Kisha wakaanza kuja wageni. Walikuja mchana, wakasimama kwa lango bila kubisha. Ukitoka unawakuta wamesimama tu, na chupa mikononi.

"Mtoto wetu anaumwa," wangesema. "Labda mama alimwona mahali."

Walitoka mbali. Walitoka Matasia, walitoka Kimuka, mahali Wayua hajawahi kukanyaga. Nilitaka kuwafukuza. Wayua alichukua karai.

Alinawa kwa kila mmoja. Kila aliponawa, ni kama alikuwa anasema tena, ni mimi, mtoto wako nimemla mimi. Alijaza chupa zao. Wengine hawakumshukuru. Walishika chupa kwa ncha ya vidole wakaenda.

Watoto wengine walipona. Nilisikia. Wengine hawakupona, na wale wazazi walirudi kusimama kwa lango, hawasemi, wanaangalia nyumba.

Siku moja nilikasirika nikapiga karai teke.

"Kwa nini unajizika?" nilimwuliza. "Huyo mtoto wa Fardosa hukumfanya kitu!"

Aliokota karai. "Nilimshika mguu," alisema. "Alikuwa moto kabla sijafungua mdomo. Alikuwa moto sana. Mama yake alijua. Alitoka kuchota maji ya kumpoza kwa siri."

"Ulijua? Na ukanawa?"

"Nani angerudishwa kwa baba yake? Mimi? Mimi nishazeeka hapa."

"Na kusifu? Ulimsifia nini?"

"Alikuwa ameogopa, na bado amembeba. Hakuna aliyemwambia hata neno moja zuri tangu afike hapa. Nilisahau kujishika."

"Na hawa wa chupa?"

"Maji ni maji. Wanataka kulala usingizi."

Akaniapisha nisiseme. Nikaapa. Sikutaka, lakini alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa umekunjamana kwa kunawa.

Wayua alianguka kwa mfereji mwaka huu, mvua za masika zikianza. Walisema presha. Alilala hospitali Kajiado muda mfupi, akaaga.

Kaburi tulilichimba hapa kwenye ploti, kando ya nyumba. Watu walikuja wengi. Walikuja kuona. Walikaa nyuma ya hema, viti vya mbele vikabaki wazi, na hakuna mtu alikuja na mtoto.

Pasta Wangila aliendesha vizuri. Kaluki alisema. Alisema habari ya viatu, akashindwa kumaliza. Kisha pasta akasema, kama ilivyo desturi, "Sasa tusikie majirani. Nani atasema kwa niaba ya majirani?"

Hakuna aliyesimama.

"Majirani," pasta akasema tena.

Kisemei aliangalia rungu yake. Wanawake waliangalia mikono yao. Wote hawa walikuwa wamekula unga wake. Mtu akizikwa bila jirani kumsemea, atabaki na jina lile alilozikwa nalo, na watoto wa Kaluki watalibeba. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni, yananichoma, na nilikuwa nimeapa. Upepo ulikuwa unapiga hema, halafu ukaacha. Palinyamaza vile palinyamaza siku ile.

Pasta alifungua Biblia ili aendelee.

"Mimi ni jirani."

Fardosa alikuwa langoni. Aweys alikuwa mgongoni mwake, mkubwa sasa, miguu inaning'inia. Alikuwa mtoto peke yake katika hema lile. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama kando ya kaburi.

"Kiswahili yangu ni kidogo, mnisamehe," alisema. "Siku ile huyu mama alinisifu, mtoto ilikuwa mgonjwa tayari. Tangu jana yake. Mimi nilijua."

"Fardosa," Asho aliita kutoka nyuma.

"Naam, Hooyo," akajibu, vile Wasomali wanamwita mama.

"Rudi hapa."

"Nikimaliza, Hooyo." Hakugeuka. "Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kurudishwa. Mama huyu alishika mguu ya mtoto, akajua. Angesema, mngemwamini. Hakusema. Alinawa. Mlimuona akinawa. Alibeba kitu yangu, akaitwa jina mbaya mpaka leo. Hakuna jicho. Ilikuwa mimi."



"Na kitu ingine," alisema. "Yeye peke yake aliniambia mimi ni mama mzuri. Mkinirudisha Garissa, nitaenda na hiyo."

Asho alikuja mbele na fimbo yake. Ni mzee sasa, anatembea pole. Tulidhani atampiga. Alimfikia Fardosa, akamrekebishia mtoto mgongoni.

"Garissa ni mbali," alisema. "Nani atanipikia? Simama vizuri, mtoto anaanguka."

Kisha akaangalia ndani ya kaburi. Sanduku lilikuwa limeshushwa. Alikaa akiangalia kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika, kama mtu amesikia hatua nyuma yake.

"Baba Kaluki," aliniuliza kwa sauti ndogo. "Kama hakuwa na jicho, yale maji yalimtuliza mtoto kwa nini? Niliyamwaga kwa mkono wangu. Alinyamaza papo hapo."

Watu walianza kuangaliana. Niliona wakikumbuka chupa, na zile nyumba watoto walipona. Mimi pia nilikumbuka. Habari ya mtamba wa Mashuuru sijui. Habari ya Kiilu sijui. Nimeishi na huyu mwanamke maisha yangu yote na sijui nililala karibu na nini.

Asho akavuta pumzi.

"Wayua alikuwa mtu mzuri," alisema.

Hakuongeza neno. Hakusema mashallah. Kisemei alikuwa ameinama, midomo iko tayari kutema kama desturi yao, lakini akameza. Sifa ilibaki tupu pale juu ya kaburi, na sisi wote tukangoja, kama mtu aliyetupa jiwe kisimani anavyongoja kusikia limefika.

"Alinipa unga nilipojifungua," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. Hakuitwa. Alisimama mwenyewe.

"Mimi alinipa samadi," mwenye shamba mmoja akasema. Kisemei naye akasema, "Mimi alinicheka vizuri. Mama huyu, hakuna mtu alijua kucheka kama yeye."

Mwingine akasimama. Na mwingine. Walikuwa wanasema moja kwa moja ndani ya shimo, si kwa pasta, si kwangu.

Ndipo niliona udongo. Ule uliochimbwa, uliorundikwa kando, ulikuwa umeanza kushuka juu ya sanduku. Hakuna jembe lililougusa. Hakukuwa na upepo. Ulishuka kidogo kidogo, laini, kila neno na udongo wake. Wanaume walioshika sepetu walirudi nyuma. Wanawake wakanyamaza, udongo nao ukasimama.

Pasta Wangila alinigeukia, jasho limemtoka. "Mzee," aliniuliza, "tufanye nini?"

"Endeleeni kusema," nikamwambia.